Rafadha ya Zimorodek

Rafadha ya Zimorodek iliibiwa Jumapili asubuhi, kati ya saa tatu na saa nne, kwenye maonyesho ya meli ndogo za mfano, ndani ya ukumbi wa michezo wa shule moja mjini Gdynia, mbele ya watu mia mbili.

Hakuna aliyeona.

Ilikuwa pangaboi la kusukumia meli, lakini upana wake sentimita tatu na nusu tu. Shaba tupu, mabawa saba membamba yaliyopinda kama mundu. Ukiifungia kiganjani haionekani.

Meli yenyewe, Zimorodek ya kweli, ilikuwa bado ndani ya banda la kiwanda cha meli, kilomita mbili kutoka hapo, ikisubiri kushushwa majini mwezi wa Aprili. Kazi yake itakuwa kutegua mabomu yaliyotegwa chini ya bahari. Mabomu ya siku hizi yana masikio. Yanalala kwenye tope na kusikiliza pangaboi la meli linavyokata maji, na yakilitambua, yanalipuka. Rafadha ya Zimorodek ilichongwa ili yasiisikie. Kiwandani ilifunikwa turubai hata wapaka rangi wasiione.

Atakayejua umbo lake sawasawa ataweza kulifundisha bomu kuisikia.

Na ndani ya meli hiyo watakuwemo mabaharia arobaini na sita.

Kapteni Cezary Bielak wa upelelezi wa jeshi la majini alipigiwa simu saa nne na dakika tano, akiwa jikoni kwake na soksi miguuni na mkate mdomoni. Simu haikutoka makao makuu. Ilitoka kwa Mzee Zenon Drywa, aliyemfundisha kushika kibano akiwa na miaka kumi.

"Czarek," mzee alisema. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo siku hizi. "Nimefanya ujinga. Rafadha imeibiwa. Njoo ukumbini."

Cezary alivaa fulana yake ya kuzuia risasi chini ya sweta, akachomeka bastola ya Walther P99 kiunoni, akaweka kidude cha kusikilizia ndani ya sikio. Škoda yake ilikuwa imefunikwa theluji. Alikwangua kioo upande wa dereva tu, akaondoka.

Dakika tisa.

Ukumbi ulinuka vanishi, kahawa na makoti mabichi. Meza ndefu zilipangwa kwa safu, na juu yake meli mia moja na arobaini: za vita, za mizigo, za matanga, za uvuvi. Ndogo kuliko zote ilikaa ndani ya balbu. Watu walipita polepole, mikono wameifunga mgongoni. Ndivyo watu wa meli ndogo wanavyotembea popote walipo. Ukimwona mtu kwenye maonyesho haya ana mikono mbele, jua ni mgeni au ni mtoto wa mgeni.

Zenon alikuwa meza ya kumi na saba, mwembamba, shati jeupe limefungwa hadi koo, amekaa kando ya meli yake kama mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa.

Zimorodek yake ilikuwa na urefu wa mita moja na zaidi kidogo. Miaka sita aliijenga chumbani kwake. Cezary aliiona mara ya mwisho ikiwa mbavu tupu.

Aliinama, akaangalia tezi, upande wa nyuma wa meli. Rafadha ilikuwepo.

"Siyo yangu hiyo," Zenon alinong'ona. "Iguse."

Cezary aliigusa. Haikuwa na ubaridi. Ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya shaba, na mtu aliyeipaka alijua kazi yake.

"Ile yako, mzee, uliiweka ya kweli?"

"Sasa ningeweka ya uongo?"

"Ndiyo. Ungeweka ya uongo. Ulitia saini kutunza siri."

Zenon alikuwa fundi wa kuchonga kalibu za kumiminia rafadha kiwandani kwa miaka thelathini na minane. Ile ya Zimorodek ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Michoro aliirudisha yote, karatasi kwa karatasi. Ila mikono ilikumbuka. Na alipoikamilisha meli yake ndogo aliandika mtandaoni, kwenye ukurasa wa wajenzi wenzake, kwamba Zimorodek nyingine zote zitakuwa za kubahatisha na yake peke yake ndiyo itakuwa sahihi.

Hakuuza kitu. Hakupewa kitu. Alishindwa tu kuvumilia kujenga meli yenye kosa analolijua.

"Mtu anayejua angeinama pale akaona si yenyewe, angenicheka," alisema.

"Hakuna anayejua, mzee. Ndiyo maana inaitwa siri."

Mzee aliangalia viatu vyake. Kisha Cezary akauliza lile alilokuwa akilifikiria tangu jikoni: Hanka, mjukuu wake, mpiga mbizi wa jeshi, alikuwa amepangiwa meli gani?

 Zenon alinyoosha kidole kimoja kuelekea Zimorodek mezani.

Cezary alimwambia achukue meli yake, apite nyuma ya jukwaa, aende akakae nayo kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Asizungumze na mtu. Akiulizwa, aseme kamba imekatika anaenda kuifunga.

Kisha akainua mkono kama anakohoa.

"Mnara, hapa Nanga."

"Sema, Nanga." Sauti ya Kamanda Marzena Lubocka ilikuwa kavu kama kawaida. Cezary alikuwa amempigia akiwa njiani, na sasa alikuwa ndani ya gari la kubebea maua, mtaa wa pili, na watu sita na picha za kamera ya shule mbele yake.

"Mzigo umebadilishwa. Uliopo ni bandia. Kamera ya mlangoni inasemaje?"

"Tangu saa tatu hakuna aliyetoka na sanduku wala meli. Wavuta sigara wametoka na kurudi wote. Tumewahesabu."

"Basi mzigo uko humu."

"Funga milango, tuwapekue."

"Afande, atauficha ndani ya meli yake. Kila meli humu ina shaba. Kifaa cha kugundulia chuma kitalia kuanzia mlangoni mpaka chooni."



"Zawadi zinatolewa saa ngapi?"

"Saa nane. Baada ya hapo wanafunga masanduku wote kwa pamoja na kutoka. Kabla ya matokeo hakuna mjenzi anayeondoka hata nyumba yake ikiwaka moto. Naye anajua. Atasubiri."

"Una mpaka saa nane, Nanga. Ikifika hujampata, tunaingia na tunapasua meli zote mia na arobaini."

Alizima.

Cezary alitazama ukumbi. Miaka sita hapa, kumi pale, mwingine alianza kabla ya kuoa na sasa ana wajukuu. Nyumbani yeye mwenyewe alikuwa na meli ya kuvuta meli, ndogo, aliyoianza miaka kumi na tisa iliyopita. Bado haikuwa na mlingoti.

Alivaa fulana ya buluu ya klabu ya wajenzi, akafunga mikono mgongoni, akaanza safu ya kwanza.

Alikuwa na silaha moja tu humu ndani, nayo haikuwa ile Walther.

Akiwa na miaka kumi, alimaliza mashua yake ya kwanza na Zenon akamwambia ni nzuri. Cezary akasema asante. Chumba kizima cha klabu kiliangua kicheko, na kwa mwezi mzima walimwita Bwana Asante. Ndipo akajifunza. Mjenzi akisifiwa hashukuru. Anakuonyesha kosa lake kabla hujaliona. Hakuna aliyeliandika hilo popote. Linaingia mwilini pamoja na harufu ya gundi, na halitoki.

Kwa hiyo alisifu.

Bwana mnene kutoka Łódź alikuwa na meli ya vita ya kijivu, kazi ya miaka minane. Cezary alisema hajawahi kuona mizinga mizuri namna ile. Bwana yule alishika kichwa. Mizinga ndiyo, alisema, lakini angalia ngazi ya kushoto, imepungua kidaraja kimoja, halali usingizi kwa ajili ya hicho kidaraja.

Daktari wa meno mmoja, mama wa miaka sitini mwenye lenzi ya kukuzia shingoni, alikuwa na meli ya uvuvi iliyojaa kutu za kupaka kwa brashi. Cezary alizisifu kutu. Mama alimtazama kwa huruma.

"Kijana wangu, hizo si kutu, hiyo ni surua. Nilizidisha. Mume wangu aliniambia niache, nikamkatalia, sasa kila siku ananikumbusha."

Ndugu wawili wenye meli ya matanga walianza kugombana mbele yake juu ya nani alikosea kamba za mlingoti wa mbele. Mwingine alimwomba asitazame upande wa kulia kabisa.

Saa tano. Saa sita. Cezary alinunua andazi la jamu ya waridi, akalila akitembea. Meza ya thelathini. Ya arobaini. Ya hamsini. Makosa, makosa, makosa. Shati lake lilikuwa limelowa chini ya fulana ya risasi.

Saa saba na nusu.

"Nanga, tunajiandaa," alisema Marzena sikioni.

"Bado."

"Mashoka tunayo."

"Nimesema bado, afande."

Meza ya sitini na mbili, karibu na mlango wa nyuma. Meli ya kuvunja barafu, nyekundu na nyeupe, safi, imenyooka, kila dirisha mahali pake. Nyuma yake mwanamume wa miaka arobaini na kitu, koti la kijani, nywele fupi. Beji yake ilisema Anselm Rohde, na nchi iliyoandikwa chini ilikuwa mbali kiasi cha kutotiliwa shaka. Mikono aliifunga mgongoni. Walimfundisha vizuri.

"Kazi nzuri sana hii," alisema Cezary.

"Asante," alisema Rohde.

 Cezary akampa nafasi ya pili. Labda mtu ni mgeni, labda lugha inampa shida.

"Huna unachojutia hata kidogo?"

"Hapana. Imetoka vizuri. Nimeridhika."

Duniani hakuna mjenzi wa meli ndogo aliyewahi kusema neno hilo.

Cezary aliinama polepole, kama anayetaka kusoma jina lililoandikwa nyuma ya meli, akaitazama tezi. Rafadha ilikuwa imepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, mpya kiasi kwamba bado ilinuka.

Mabawa saba. Membamba. Yamepinda kama mundu.

Meli ya kuvunja barafu husukumwa na mabawa manne mazito kama majembe. Haya yangekatika kama biskuti kwenye barafu ya kwanza. Rohde hakuificha popote. Aliifunga mahali ambapo kila meli ina rafadha, akategemea kwamba mpekuzi atatafuta kitu kilichofichwa.

Cezary alisimama wima. Akatabasamu. Rohde naye akatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yameshuka kwenye tezi na kupanda tena.

Ameniona nikiona, Cezary aliwaza.

Alienda hatua tatu.

"Mnara, Nanga. Meza sitini na mbili. Koti la kijani. Mzigo anao."

"Timu iko mbele. Nanga, kuna BMW ya kijivu mlango wa nyuma, injini inanguruma."

"Leteni watu nyuma."

"Dakika mbili."

Hazikuwepo dakika mbili. Nyuma yake Cezary alisikia mlio mdogo, mkavu, kama wa kijiti kuvunjika.

Watu mia mbili waligeuka.

Bastola isingewageuza hivyo. Walikuwa wamesikia mtu akivunja kipande cha meli kwa mkono wake mwenyewe. Rohde alikuwa ameing'oa rafadha, ameifumbata, na alikuwa anakimbia.

Kati yake na Cezary palikuwa na meza moja. Njia fupi ilikuwa kuruka juu yake. Mguu ulishanyanyuka. Mezani palikuwa na meli ya bwana wa Łódź, ile yenye ngazi iliyopungua kidaraja.

Cezary alizunguka.

Sekunde nne zilipotea. Rohde hakuzunguka kitu. Alipita katikati, akaisukuma meza ileile kwa nyonga ili izibe njia, na meli ya kijivu ikaanguka sakafuni na mizinga yake yote. Bwana wa Łódź alitoa sauti ambayo Cezary hataisahau.

Mlango. Ukorido. Vigae vyeupe, harufu ya klorini, makabati ya chuma pande zote mbili. Bastola hakuitoa, nyuma ya ukuta mmoja palikuwa na watu mia mbili, na risasi kwenye vigae haijui inakoelekea. Alimfikia Rohde kwenye kona, akamshika kifundo cha mkono, akakisokota.

Mkono mwingine wa Rohde ulitoka mfukoni na kisu cheupe cha kauri. Kisu kisicholia kwenye kifaa chochote.

Kilipita juu ya mkono wa kushoto wa Cezary mara moja.

Hakusikia maumivu. Aliona tu kwamba vidole viwili vya mwisho havimtii, vimelegea, na kifundo cha Rohde kimemponyoka.

Mita kumi mbele palikuwa na mlango wa chuma. Nje ya mlango, injini.

Na katikati ya ukorido, ametoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo kwa sababu ya kelele, alisimama Mzee Zenon Drywa, na Zimorodek mikononi. Kilo kumi na moja. Aliibeba kama mtoto aliyelala.

"Pisha, mzee," alisema Rohde, kisu mbele.

Zenon alimtazama usoni. Akakitazama kiganja kilichofumbwa. Akaitazama meli yake.

Baadaye Cezary angeandika kwenye ripoti kwamba yote ilichukua sekunde moja. Yeye aliyekuwepo aliona kama ni ndefu zaidi.

Zenon aliishika meli kwa omo, upande wa mbele, kwa mikono yote miwili, akaizungusha kama gogo na kumchapa nayo Rohde magotini.

Ilipasuka katikati. Mlingoti, mashua za kuokolea, vinara, ngazi za shaba nyembamba kama unywele, vyote vikaruka hewani na kumwagika kwenye vigae. Rohde alianguka kifudifudi juu ya vipande. Kiganja kilifunguka. Rafadha ilibingirika, ikagonga kabati, ikaanza kuelekea kwenye tundu la maji machafu.

Kiatu cha Cezary kilitua juu yake.

Goti lake lilitua juu ya shingo ya Rohde. Sasa Walther ilitoka.

"Tulia," alimwambia. "Kosa lako ni kwamba huna kosa."

Nje, BMW ilifika hadi kwenye mzunguko wa kwanza. Gari la kubebea maua lilikuwa limeegeshwa katikati ya barabara.

Marzena alikuja mwenyewe ukoridoni, akiwa na buti zenye theluji. Alitazama vipande, akatazama damu, akauliza jambo moja: kwa nini pale mezani alizunguka. Cezary alisema sakafu iliteleza. Marzena akaamua kuliacha hapo. Kisha akampa rafadha ndani ya leso.

"Hii isiingie kwenye mfuko wa ushahidi. Mifuko ya ushahidi hufunguliwa na mawakili. Imalize."

Shule ilikuwa na karakana ya ufundi, na karakana ilikuwa na jiliwa, kifaa cha kubania vyuma. Mkono wa kushoto wa Cezary ulikuwa umefungwa bendeji hadi kifundoni. Aliweka rafadha kati ya meno ya jiliwa, akaikaza kwa mkono wa kulia. Shaba nzuri haivunjiki haraka. Inajikunja kwanza. Alikaza mpaka ikawa bapa, akaigeuza, akakaza tena.

Zenon alisimama mlangoni. Hakuomba aachiwe aishike mara ya mwisho. Maofisa wawili walikuwa wakimsubiri, kofia zao mkononi, kwa sababu mmoja wao alikuwa amejifunza kwake pia.

"Ilikuwa meli nzuri sana, mzee," alisema Cezary.

Mzee alifikiri. Alisafisha koo.

"Rafadha," alisema. "Ingefaa iwe ya uongo."

Cezary aliitikia kwa kichwa. Akavaa koti kwa mkono mmoja, akapita ukumbini walikokuwa wakitangaza washindi kwa sauti za chini, akachukua andazi la mwisho mezani na kutoka kwenye theluji. Hakugeuka.

Gharama yake ilikuwa hii.

Zimorodek moja, miaka sita, vipande elfu tatu mia nne na kumi, ambavyo wapelelezi walivifagia na kuviteketeza. Meli moja ya kijivu ya bwana wa Łódź, miaka minane, na sasa ngazi zote zimepungua. Ufunguo wa chumba cha klabu, ambao Zenon alikuwa nao kwa miaka thelathini na mmoja, na ruhusa ya kukanyaga kiwandani hata siku meli itakaposhushwa majini na Hanka amesimama juu yake.

Vidole viwili vya Cezary, cha pete na cha mwisho. Vinapinda kidogo, na mkono huo wa kushoto ndio alioshikia kibano. Meli yake ya kuvuta meli haitapata mlingoti.

Mabaharia, kati ya arobaini na sita: hakuna.